Sura ya Saba: Mvua, Koa na Maneno ya Bustanini

Tarehe 5 Aprili 2012 kampuni saba za maji za kusini na mashariki mwa Uingereza zilipiga marufuku kumwagilia bustani kwa mpira. Majira mawili ya baridi yalikuwa yamepita bila mvua ya kutosha, mito imeshuka, maji ya ardhini yamepungua, na watu wapatao milioni 20 wakaambiwa watumie ndoo na keni. Mara mvua ikaanza. Aprili hiyo ikawa yenye mvua nyingi kuliko Aprili yoyote tangu takwimu za nchi nzima zianze mwaka 1910. Juni nayo ikavunja rekodi yake. Agosti ilipokwisha, wataalamu wa hali ya hewa walitangaza kuwa majira ya joto ya mwaka huo yalikuwa na mvua kuliko yote kwa miaka 100, tangu yale ya 1912. Hata sherehe ya jubilei ya Malkia Elizabeth haikusalimika: tarehe 3 Juni umati ulisimama kando ya Mto Thames kutazama msafara wa mashua, watu wamelowa chapachapa.

Chanzo kilikuwa juu angani. Kuna mkondo wa upepo wenye kasi unaovuka Bahari ya Atlantiki kutoka magharibi kwenda mashariki, kilomita kama kumi juu ya vichwa vyetu. Katika majira ya joto mkondo huo kwa kawaida hupita kaskazini ya Uingereza, na dhoruba zikaufuata huko huko. Mwaka 2012 ulishuka kusini ukang'ang'ania huko wiki baada ya wiki, na kila dhoruba iliyozaliwa baharini ikaja kumwagikia visiwa hivi.

Kwa mtu asiyelima, habari kama hiyo inahusu koti na mwavuli. Mwenye bustani anaisikia tofauti. Anawaza viazi vilivyo ardhini, maharagwe yaliyoanza kupanda vijiti, nyanya alizozilea dirishani tangu Machi. Na akishawaza, anavaa gambuti, anakwenda kuwatafuta wenzake. Sura hii inahusu yale wanayoambiana wakikutana. Nimelima miongoni mwa watu hawa muda wa kutosha kuamini kwamba maongezi ya bustanini, hata yakionekana ya kupitisha wakati tu, ni sehemu ya kilimo kama lilivyo jembe, na kwamba mwaka wa mvua nyingi ndio unaolithibitisha jambo hilo bila ubishi.

Tuanze na mahali penyewe. Uingereza ina utaratibu ambao ningependa miji yetu iuige. Sheria ya mwaka 1908 iliziwekea halmashauri wajibu wa kutenga ardhi ya bustani pale wakazi wanapoihitaji. Ardhi hiyo hukatwa vipande na kukodishwa kwa watu wa kawaida kwa kodi ndogo ya mwaka. Kiwanja kamili ni kama mita za mraba 250, kipimo kilichorithiwa kutoka enzi za kupima ardhi kwa fito. Eneo hilo likitunzwa vizuri linaweza kuipa familia mboga kwa sehemu kubwa ya mwaka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ilipohimiza kila mtu alime ili meli zisibebe chakula kinachoweza kuoteshwa nyumbani, viwanja vilikaribia milioni 1.4. Leo vimebaki laki tatu na ushei, na katika miji mingi mtu husubiri miaka kabla ya kupata chake.

Viwanja vyetu viko Leicester, katikati ya nchi. Mji huu una historia yake na Afrika Mashariki. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus ikiwasihi wasije. Wakaja kwa maelfu, na mji ukanufaika nao. Kwa hiyo ukiingia langoni kwetu siku ya Jumamosi utamsikia mzee mstaafu wa kiwanda cha soksi akisema Kiingereza cha hapa hapa, na hatua chache mbele utamsikia mama wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja akizungumza Kiswahili na dada mmoja kutoka Nyandarua. Mama yule alijifunza Kiswahili dukani kwa baba yake na hajakiacha. Hujibu salamu zote kwa “mzuri sana” hata siku ambayo matuta yake yamezama.

Kate Fox, mwanaanthropolojia Mwingereza, aliandika katika kitabu chake Watching the English cha mwaka 2004 kwamba watu wa nchi hii huzungumzia hali ya hewa ili wapate njia ya kuanza kusemezana. Ukiambiwa kuna baridi, adabu ni kukubali. Ukibisha umemvunjia mwenzako heshima. Kwa kituo cha basi nakubaliana naye kabisa. Bustanini pana zaidi ya salamu. Yule mzee wa kiwanda cha soksi alikuwa na kipimamvua nyuma ya kibanda chake, na kila asubuhi aliandika milimita kwa chaki kwenye mlango, upande wa ndani. Aliyepita kumsalimu alisoma mlango. Safu ya Juni ya mwaka huo ilijaa mpaka karibu na bawaba za chini, akalazimika kuendeleza kwenye ubao wa pembeni. Tarakimu hizo ndizo zilizotuambia nani apande tena na nani angoje, na kwamba yale matuta ya bondeni, karibu na mfereji, yangeoza mbegu hata zikipandwa mara tatu.

Mazungumzo hayo yana imani zake pia. Tarehe 15 Julai ni siku ya Mtakatifu Swithin, askofu wa Winchester wa karne ya tisa, na wazee wanashikilia kwamba mvua ikinyesha siku hiyo itanyesha siku 40. Rekodi za hali ya hewa hazijawahi kuithibitisha hesabu hiyo. Hata hivyo sioni sababu ya kuidharau imani yenyewe, kwa maana ule mkondo wa upepo niliousema, ukishatulia mahali fulani katikati ya Julai, mara nyingi hukaa hapo kwa muda. Walioanza kusema hivyo hawakuwa na setilaiti, ila walikuwa na macho na majirani wa kulinganisha nao kumbukumbu.

Sasa koa. Msomaji wa Tanga au Kilifi anamjua konokono. Koa ni jamaa yake asiyebeba gamba, mwili wake karibu wote ni maji, na ndiyo maana mchana wa jua hujificha chini ya mawe na mbao. Mwaka wa mvua haoni haja ya kujificha. Mwaka 2012 walitoka asubuhi, wakatoka adhuhuri, wakatoka usiku. Mche wa saladi uliopandwa jioni ulikutwa asubuhi umebaki kijiti. Maharagwe yalikatwa kabla jani la pili halijafunguka. Dada wa Nyandarua alipanda zukini sita, akabakiwa na moja, nayo kwa sababu aliifunika ndoo iliyotobolewa kila jioni.

Hapo ndipo maneno yalipokuwa mengi. Kila mtu alikuwa na dawa yake. Maganda ya mayai yaliyopondwa, eti yanamchoma tumbo. Utepe wa shaba kuzunguka chungu, eti unampiga shoti. Kokoto kali, magome ya msonobari, sufu ya kondoo, masalia ya kahawa. Bia ndani ya kopo lililofukiwa ardhini. Wengine walinyunyiza vile vidonge vya buluu vya sumu ya metaldehaidi, mpaka mzee mmoja alipokuta kalunguyeye mdogo wa bustanini amekufa kando ya tuta lake, akaacha kuvitumia na akawasimulia wote kilichotokea.

Ni haki niseme kwamba mengi ya hayo hayafui dafu. Mwaka 2018 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani kilizijaribu kinga tano zinazosifiwa zaidi kwenye saladi: utepe wa shaba, kokoto, magome, sufu na maganda ya mayai. Hakuna hata moja iliyopunguza uharibifu. Maganda ya mayai yalikuwa yamepita mdomo kwa mdomo kwa vizazi, mama kwa mwana, jirani kwa jirani, na hayakuwa na kazi. Maongezi hayana mhariri. Jambo lisilo kweli husafiri ndani yake kwa urahisi ule ule wa jambo la kweli, na anayetaka kuyasifu, kama mimi, lazima alikubali hilo kwanza.

Lakini hebu tazama yaliyobaki baada ya mwaka ule. Mama wa Jinja alilaza ubao kati ya matuta kila jioni, na alfajiri akaugeuza: koa wote wa jirani walikuwa wamejibana chini yake, akawakusanya ndani ya kopo. Tulishuhudia kwa macho, na wiki iliyofuata kila kiwanja kilikuwa na ubao. Kijana mmoja aliyekuwa akilima kwa mwaka wa kwanza alileta pakiti ya minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, ambayo huchanganywa na maji na kumwagwa kwenye udongo wenye joto la kuanzia nyuzi 5. Minyoo hiyo humwingia koa na kumuua, na nguvu yake hudumu wiki kama sita. Tuliitazama bustani yake Julai nzima. Saladi zake zilisimama. Na wote tulikubaliana, bila mtu kufundisha, kwamba mche upandwe mkubwa: uwekwe kwenye chungu juu ya meza mpaka shina likomae, ndipo uteremshwe ardhini. Ubao, minyoo na mche mkubwa vimebaki viwanjani kwetu. Maganda ya mayai yamerudi kwenye lundo la mboji.

Vile vidonge vya metaldehaidi vilipigwa marufuku kutumika nje ya nyumba nchini humu mwaka 2022. Mwaka huo huo kile chama cha bustani kilisema hakitawaita tena koa wadudu waharibifu, kwa kuwa kati ya aina 44 hivi zilizopo ni chache tu zinazoshambulia mimea ya bustani; nyingi hula majani yaliyooza. Yupo hata koa mkubwa mwenye madoa ya chui ambaye hula koa wenzake. Ukimkuta huyo, mwache aende zake.

Koa anakula mboga ya leo. Ugonjwa wa viazi unakula akiba ya mwaka mzima, na ndio ulionifanya niandike sura hii.

Wakulima wa Njombe, Mbeya na Lushoto wanaujua kwa jina la bakajani chelewa. Huko Nyandarua na Meru mtu hahitaji hata jina. Ukitaja viazi na mvua katika sentensi moja ameshakuelewa. Baka la kahawia iliyokolea huanza kwenye ncha au ukingo wa jani, likizungukwa na duara la kijani hafifu. Hewa ikiwa na unyevu, upande wa chini wa jani, pale baka linapopakana na sehemu nzima, hutokea utando mweupe. Utando huo ni viini. Upepo hubeba viini hivyo kutoka shamba hadi shamba. Vikitua kwenye jani lenye maji, kila kimoja hupasuka na kutoa vitoto vyenye mikia vinavyoogelea hadi vipate pa kuingilia. Siku chache baadaye baka jipya linaonekana. Shamba lililokuwa kijani Jumapili huweza kuwa jeusi Jumapili ijayo, na harufu yake mtu hawezi kuisahau.

Mwaka 1845 nao majira ya joto ya Ulaya ya kaskazini yaligeuka kuwa ya baridi na mvua. Agosti hiyo habari zilianza kufika kwenye gazeti la wakulima wa bustani mjini London, The Gardeners' Chronicle: viazi vinaoza kisiwa cha Wight, vinaoza Kent, vinaoza Ubelgiji. Mhariri, John Lindley, alikuwa profesa wa botania, na kurasa zake zikawa baraza la watu waliokuwa wakiulizana kwa barua kinachotokea. Katikati ya Septemba alilazimika kutangaza kuwa ugonjwa umeingia Ireland, na aliifahamu maana yake, kwa kuwa huko mamilioni ya maskini walikuwa wakiishi kwa viazi. Njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni kuvuka bahari.

Katika baraza lile kulikuwa na pande mbili. Lindley na wengi walisema mvua yenyewe ndiyo iliyoua viazi: mmea umekunywa maji kupita kiasi, ukashindwa kuyatoa, ukaoza. Kasisi mmoja wa Northamptonshire, Miles Joseph Berkeley, aliyetumia maisha yake kuchunguza kuvu kwa hadubini, alishikilia mwaka 1846 kwamba ule utando mweupe ndio muuaji na mvua ni mlango tu. Wachache walimsadiki. Ilichukua miaka kadhaa hadi Mjerumani Anton de Bary alipothibitisha kuwa Berkeley alikuwa sahihi, na mwaka 1876 akakipa kiumbe hicho jina la Phytophthora. Leo tunajua pia kwamba si kuvu halisi. Kiko karibu zaidi na mwani wa baharini kuliko uyoga.

Nimewasikia wakulima wa nyumbani wakisema, mpaka leo, kwamba mvua imechoma viazi. Ni kauli ya Lindley, na ina hasara ile ile. Anayelaumu mvua hana la kufanya ila kungoja jua. Anayejua kuna kiumbe kinachosafiri anauliza kimetoka wapi, kimefika wapi, na nani aambiwe. Ugonjwa huu uliripotiwa Kenya mwaka 1941, ukaenea nchi jirani, na hadi leo ni adui wa kwanza wa zao ambalo nchini Kenya lina umuhimu wa pili kwa chakula, baada ya mahindi.

Dada wa Nyandarua alikulia ndani ya jambo hili. Mwishoni mwa Juni 2012 tulikuwa tumesimama chini ya kibanda cha mama, mvua imepungua, themosi ya chai ya tangawizi ikizunguka.

“Mama, viazi vyako vimetoa maua?”

“Vimetoa. Lakini majani ya chini yamekuwa manjano. Kuja uone.”

Dada alitoka, akainama, akageuza jani na kulitazama kwa mgongo. Akaenda la pili, la tatu, akamaliza mstari mzima.

“Hii ni maji tu, mama. Bado haijaingia.”

“Bado nini?”

“Ile yenyewe. Ikiingia utaona huku chini pana weupe, kama ukungu wa mkate. Ukiona hivyo usingoje niulizwe mimi. Piga kelele.”

Kutoka siku hiyo alizunguka viwanja vyote kila jioni, akigeuza majani ya watu kwa idhini yao. Tulimzoea. Mzee wa chaki alianza kuandika pia joto la usiku, kwa sababu dada alimweleza kuwa hatari ni usiku usio na baridi kali pamoja na unyevu mwingi. Alikuwa akisema kwa uzoefu jambo ambalo wataalamu wameliwekea vipimo: joto lisiposhuka chini ya nyuzi 10 kwa siku mbili mfululizo, na kila siku unyevu hewani ukafika asilimia 90 kwa saa sita au zaidi, ugonjwa una kila nafasi. Vipimo hivyo vilitangazwa mwaka 2017 kuchukua nafasi ya vile vya zamani.

Baka la kwanza halikuonekana kwa mama. Lilionekana mwisho wa viwanja, kwa mtu ambaye hakusema. Alikata majani machache kimyakimya, akafunika tuta kwa kitambaa cha bustani, akaenda nyumbani. Tuligundua siku kadhaa baadaye, na kufikia hapo viwanja vitatu vya jirani yake vilikuwa vimeanza kugeuka. Sitaki kumhukumu. Viini husafiri mbali kwa upepo, na huenda vingetufikia tu. Ila sababu ya kunyamaza kwake naielewa vizuri, nayo ni aibu. Mtu mwenye ugonjwa shambani huhisi ataonekana mvivu, mchafu, asiyejua kulima. Nimeiona aibu hiyo hiyo Lushoto, mkulima akimpitisha mgeni njia nyingine ili asilione tuta lililoungua. Na aibu hiyo inagharimu wengi kuliko mvua.

Baada ya hapo maneno yalikwenda mbio. Simu zilipigwa, ujumbe ukabandikwa langoni, na jioni ile ile watu walikuja na visu na mifuko. Tulikata mashina yote ya viazi usawa wa udongo, yaliyougua na yale mazima yaliyokaribiana nayo, tukayaondoa kabisa viwanjani. Kisha tukaviacha viazi ardhini wiki mbili hadi tatu bila kuvigusa, ili ngozi ikomae na viini vilivyobaki juu ya udongo vife. Anayechimba siku hiyo hiyo hupeleka viini moja kwa moja kwenye kiazi, akahifadhi gunia linalooza. Walioinulia udongo juu sana mapema msimu walipata mavuno mazuri kuliko wengine, kwa sababu maji yaliyobeba viini hayakufika kina cha viazi. Waliopanda viazi vya mapema walikuwa wameshachimba na kula. Nyanya za nje, ambazo ni ndugu wa kiazi na huugua ugonjwa huo huo, ziliisha zote. Zilizopona zilikuwa ndani ya vitalu nyumba, majani yake makavu.

Leo mkulima wa nyumbani Uingereza haruhusiwi dawa yoyote ya kunyunyizia ugonjwa huu. Zimebaki mbegu zenye kinga, kama zile za Sarpo Mira zilizozalishwa Hungaria na familia ya Sárvári, na zimebaki habari za jirani.

Kulikuwa na mengine mwaka ule, nayapitia haraka. Nyuki hawaruki katika mvua. Wafugaji wa Uingereza walipima mavuno ya asali wakakuta yameanguka kwa asilimia 72, chini ya kilo nne kwa mzinga ambapo mwaka wa kawaida huleta kilo 13 na zaidi. Maua ya matufaha yalinyeshewa kabla hayajachavushwa. Mchicha wa mama wa Jinja, unaopenda joto, ulibaki kimo cha kidole hadi Agosti. Sukuma wiki kwa upande wake ilifurahi kwa baridi na maji, tukaichuma mpaka tukawagawia watu ambao hawakuwahi kuionja. Yule mzee aliipika kwa siagi na pilipili manga. Dada alimwonyesha vitunguu na nyanya, hata kama nyanya zenyewe zilikuwa za kopo. Miaka hiyo shirika la Garden Organic, lililo karibu na Coventry, lilikuwa na mradi wa kukusanya mbegu na maarifa ya mazao yaliyoletwa na wahamiaji, na watu wa aina ya mama huyu ndio waliokuwa walimu.

Waingereza wenyewe wanajua thamani ya maongezi haya. Tangu mwaka 1947 BBC imekuwa na kipindi cha redio, Gardeners' Question Time, ambamo wataalamu huenda mji hadi mji, wakaketi ukumbini na kujibu maswali ya wenyeji kuhusu waridi na karoti. Kipindi cha kwanza kilirekodiwa kaskazini, karibu na Manchester, wakati nchi bado ilikuwa kwenye mgao wa chakula. Kimedumu zaidi ya miaka 75. Ningetamani kusikia redio zetu zikifanya hivyo kwa Kiswahili, Makambako leo, Ol Kalou kesho, mkulima akimwuliza mtaalamu mbele ya majirani zake, nao wakisikia jibu pamoja naye.

Msomaji unayeishi Uingereza na huna kiwanja, nenda halmashauri ya mji wako ukaandikishe jina leo. Foleni haipungui kwa kuitazama. Nawe unayelima viazi au nyanya, iwe Leicester, Kinangop au Kitulo, mvua zikizidi geuza majani kila jioni. Siku utakayoona weupe chini ya jani, mwambie jirani yako kabla hujakata shina la kwanza, na yeye amwambie wa pili. Usione haya. Ugonjwa haukuanza kwako, lakini unaweza kumkuta jirani yako akiwa tayari.